Hesabu za uwiano unapopewa tofauti badala ya jumla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kugawa jumla kwa uwiano wengi wanakuweza. Kazi huanza pale swali linapoficha jumla. Unaambiwa uwiano wa makundi mawili, unaambiwa kundi moja linalizidi jingine kwa kiasi fulani, basi. Idadi ya kila kundi utafute mwenyewe. Yafuatayo ni maswali ambayo wanafunzi na wazazi wanaowasaidia kazi za nyumbani huyarudia kila mara, pamoja na makosa ninayokutana nayo ninaposahihisha madaftari.

Swali la aina hii linakuwaje, na linatatuliwaje?

Chukua hili: Uwiano wa wavulana kwa wasichana katika kikundi cha mazoezi ni 5:7. Wasichana wanawazidi wavulana kwa 18. Kikundi kina watu wangapi?

Kabla ya kugusa namba yoyote, chora visanduku. Kila kisanduku ni fungu moja, na mafungu yote yana ukubwa sawa.

Wavulana: [ ][ ][ ][ ][ ]
Wasichana: [ ][ ][ ][ ][ ][ ][ ]

Tazama mstari wa chini ulipochomoza kuupita wa juu. Visanduku vilivyochomoza ni viwili. Sasa jiulize: wale wasichana 18 wa ziada wamekaa wapi kwenye mchoro? Hawawezi kuwa kwingine ila ndani ya visanduku hivyo viwili, kwa sababu vitano vya mwanzo vina wenzao sawa kwa upande wa wavulana. Visanduku viwili vina watu 18, kwa hiyo kimoja kina watu 9.

Ukishalijua fungu moja, yaliyobaki ni kuzidisha. Wavulana ni 5 × 9 = 45. Wasichana ni 7 × 9 = 63. Jumla ni 108.

Kwa nini tumegawanya kwa 2? Mbona nilifundishwa kujumlisha uwiano kwanza, 5 + 7 = 12?

Hukufundishwa vibaya, ila ulifundishwa kwa swali jingine. Jumla ya mafungu, yaani 12, ni mwenzi wa jumla ya watu. Tofauti ya mafungu, yaani 2, ni mwenzi wa tofauti ya watu. Mafungu ya wavulana, yaani 5, ni mwenzi wa idadi ya wavulana. Kila namba uliyopewa kwa watu ina mwenzi wake kwa upande wa mafungu, na kazi yako ni kuwakutanisha wanaoendana. Hiyo 18 haihesabu kikundi kizima, inahesabu ziada tu. Ukiigawanya kwa 12 unawatawanya wasichana 18 kwenye visanduku vyote kumi na viwili, wakati mchoro unaonyesha wamejazana kwenye viwili.

Ukifanya hivyo kwa swali letu utapata 18 ÷ 12 = 1.5, wavulana 7.5 na wasichana 10.5. Hapo angalau nusu mtu inakushtua, ukarudi kuangalia.

Mimi nimepata namba nzima safi kabisa, lakini nimewekewa kosa. Imekuwaje?

Huu ndio mtego ulio mbaya zaidi, kwa sababu haukushtui. Tuseme uwiano ni uleule 5:7 lakini tofauti ni 24. Anayegawanya kwa 12 anapata 2, anaandika wavulana 10 na wasichana 14, anapiga mstari chini, anafunga daftari. Hakuna nusu mtu, hakuna desimali, na hata uwiano wenyewe uko sawa: 10:14 ni 5:7.

Toa sasa. 14 − 10 = 4. Swali lilisema 24. Kisha jumlisha: 10 + 14 = 24. Umeona? Aliyekosea amelijibu swali ambalo halikuulizwa, lile la jumla ya 24. Alama hii haikosekani: ukijumlisha majibu yako ukapata ile tofauti uliyopewa, ujue umegawanya kwa jumla ya mafungu. Jibu sahihi ni 24 ÷ 2 = 12, kwa hiyo wavulana 60 na wasichana 84.

Neno "tofauti" halimo kwenye swali. Nitajuaje kwamba nimepewa tofauti?

Watunzi wa mitihani hawalipendi neno hilo, maana linarahisisha mno. Watasema kundi hili "linazidi" lile kwa 18, au lile "limepungukiwa" na 18 kulifikia hili. Watasema "wasichana 18 wakiondoka, idadi zitalingana", au "wanahitajika wavulana 18 zaidi ili wawe sawa na wasichana". Hizo zote ni tofauti ya 18 iliyovalishwa nguo nyingine.

Kiswahili chenyewe nacho kina pa kuteleza. Soma sentensi hizi mbili polepole: "Wasichana ni zaidi ya wavulana kwa 18" na "Kuna zaidi ya wavulana 18". Ya kwanza inakupa tofauti. Ya pili haikupi chochote cha kugawanya, inasema tu wavulana wamevuka 18. Neno "kwa" ndilo linalobeba tofauti.

Na neno "mara" linaleta uwiano. "Wasichana ni mara tatu ya wavulana" maana yake ni 3:1 ukianza na wasichana. Hivyo swali linaloonekana halina uwiano, kama "Namba moja ni mara tatu ya nyingine na inaizidi kwa 26", limekupa vyote viwili: tofauti ya mafungu ni 2, fungu ni 13, namba ni 39 na 13.

Ni lazima nirahisishe uwiano kwanza?

Si lazima. Ukiacha 10:14 badala ya 5:7, tofauti ya mafungu ni 4, fungu ni 18 ÷ 4 = 4.5, na 10 × 4.5 bado ni 45. Umejitesa bure tu.

Mpangilio wa namba kwenye uwiano una umuhimu?

Sana. Anayetajwa kwanza kwa maneno ndiye mwenye namba ya kwanza. Ukisoma "wavulana kwa wasichana ni 5:7" halafu swali liseme wavulana ndio waliozidi, kuna mahali umesoma vibaya, au swali lina kosa la uchapaji.

Makundi yakiwa matatu, natoa lipi kutoka lipi?

Toa yale mawili yanayotajwa kwenye sentensi ya tofauti, la tatu liache lisubiri. Mfano: gololi nyekundu, buluu na kijani ziko kwa uwiano wa 3:4:9. Za kijani zinazidi nyekundu kwa 42. Tofauti ya mafungu yanayohusika ni 9 − 3 = 6, fungu ni 42 ÷ 6 = 7. Nyekundu 21, buluu 28, kijani 63, jumla 112. Yale mafungu 4 ya buluu hayakuingia kwenye kutoa hata kidogo, lakini yanalipwa kwa fungu lilelile la 7.

Wakati mwingine tofauti inakuwa kati ya kundi moja na mengine mawili yakiwa pamoja: "Gololi za kijani zinazidi jumla ya nyekundu na buluu kwa 14." Hapo unatoa 9 − (3 + 4) = 2, na 14 ÷ 2 = 7. Fungu ni lilelile, maana gololi ni zilezile.

Je, uwiano ukitolewa vipande viwili, A kwa B halafu B kwa C?

Kwanza uunganishe, ndipo utafute tofauti. A:B ni 2:3, B:C ni 4:7, na C inaizidi A kwa 39. Tatizo ni kwamba B ina mafungu 3 kwenye kipande cha kwanza na 4 kwenye cha pili, na fungu la huku si fungu la kule. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4, ambacho ni 12. Kipande cha kwanza kizidishe kwa 4: 8:12. Cha pili kizidishe kwa 3: 12:21. Sasa A:B:C ni 8:12:21.

C inaizidi A kwa mafungu 13, na 39 ÷ 13 = 3. A ni 24, B ni 36, C ni 63. Anayeruka hatua ya kuunganisha hutoa 7 − 2 = 5, kisha anashangaa kwa nini 39 haigawanyiki.

Swali limetumia sehemu badala ya uwiano. Nabadilishaje?

Soma neno linalofuata sehemu hiyo. Linganisha haya:

"Washiriki 3/8 ni watoto, waliobaki ni watu wazima. Watu wazima wanawazidi watoto kwa 50."

"Idadi ya watoto ni 3/8 ya idadi ya watu wazima. Watu wazima wanawazidi watoto kwa 50."

Tarakimu ni zilezile, majibu ni tofauti kabisa. Katika la kwanza, 8 ni washiriki wote, hivyo watu wazima ni mafungu 5 na uwiano ni 3:5. Tofauti ni mafungu 2, fungu ni 25, watoto 75 na watu wazima 125. Katika la pili, 8 ni watu wazima peke yao, uwiano ni 3:8. Tofauti ni mafungu 5, fungu ni 10, watoto 30 na watu wazima 80. Ukipata muda wa kurudia kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu, rudia hapa. Ndipo alama nyingi zinapopotelea.

Asilimia zinakwenda vivyo hivyo. "A inaizidi B kwa asilimia 20" ni 120:100, yaani 6:5. Uwiano wenye sehemu ndani yake, kama ½ : ⅓, uzidishe pande zote kwa 6 upate 3:2.

Lazima nitumie x?

Hapana, ila x inafanya kazi ileile ya kisanduku. Wavulana 5x, wasichana 7x, na 7x − 5x = 18. Kwa hiyo 2x = 18, x = 9. Kosa la wanaopenda aljebra ni kuishia hapo na kuandika jibu 9, kana kwamba x ni wavulana. Hiyo x ni fungu moja.

Wengine huanza na idadi yenyewe: wavulana wakiwa x, wasichana ni x + 18, na x/(x + 18) = 5/7. Ukizidisha kimshazari, 7x = 5x + 90, x = 45. Ni sahihi, japo njia ni ndefu zaidi.

Njia ya fungu haikubuniwa jana. Diophantus wa Aleksandria, aliyeishi Misri zama za utawala wa Kirumi, aliliuliza swali hili hasa: tafuta namba mbili zenye uwiano wa 5 kwa 1 ambazo tofauti yake ni 20. Aliichukua ndogo kuwa kitu kimoja kisichojulikana na kubwa kuwa vitano vya hivyo. Tofauti ni vinne, vinne ni 20, kimoja ni 5. Namba ni 25 na 5.

Naweza kukisia tu halafu nirekebishe?

Unaweza, na wala si ujanja wa kuonea aibu. Kisia kwamba wavulana ni 5 na wasichana 7. Tofauti inatoka 2, wewe unataka 18, ambayo ni mara 9 ya hiyo. Basi ongeza kila kitu mara 9. Ahmes, mwandishi wa Misri ya kale aliyenakili mafunjo ya hesabu yapata mwaka 1550 KK, anaonyesha mtindo huo: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba ni 19. Anaanza na 7, anapata 8, kisha anatafuta 8 izidishwe kwa ngapi ifike 19.

Maswali ya umri nayo ni ya aina hii?

Ndiyo, na kwangu mimi ndiyo matamu kuliko yote, kwa sababu tofauti ya umri kati ya watu wawili haibadiliki maisha yao yote. Uwiano unabadilika kila mwaka, tofauti imekaa palepale.

Umri wa mama kwa mtoto ni 7:2, na mama amemzidi mtoto miaka 25. Fungu ni 25 ÷ 5 = 5, mama ana 35, mtoto ana 10. Baada ya miaka mingapi mama atakuwa na umri mara mbili ya mtoto? Siku hiyo uwiano utakuwa 2:1, tofauti ya mafungu ni 1, na fungu hilo moja ndilo 25. Mtoto atakuwa na 25, mama 50. Ni baada ya miaka 15. Angalia kwamba fungu limebadilika kutoka 5 kuwa 25; usilibebe la zamani ukaingia nalo kwenye uwiano mpya.

Kuna aina ngumu kidogo isiyokupa hata tofauti: "Sasa uwiano ni 4:1. Baada ya miaka 20 utakuwa 2:1." Tofauti ya mafungu sasa ni 3, baadaye ni 1, lakini miaka ya tofauti ni ileile. Basi zilazimishe zilingane: zidisha 2:1 kwa 3 upate 6:3. Sasa mafungu ya pande zote mbili yana ukubwa mmoja. Mtoto ametoka fungu 1 hadi 3, mama ametoka 4 hadi 6, kila mmoja ameongeza mafungu 2, na hayo ni miaka 20. Fungu ni 10. Mama ana 40, mtoto 10.

Hesabu hii inafaa popote vitu viwili vinapoongezwa au kupunguzwa kiasi sawa: matangi mawili yaliyochotwa lita sawa, kamba mbili zilizokatwa urefu sawa.

Na vitu vikihamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine?

Hapo tofauti haibaki, tena inabadilika mara mbili ya kilichohamishwa. Sanduku A na B lina mipira kwa uwiano wa 5:3. Ukitoa mipira 6 kutoka A ukaitia B, masanduku yanalingana. Wengi huandika tofauti ni 6, fungu ni 3, A 15 na B 9. Jaribu kuihamisha: 15 − 6 = 9, na 9 + 6 = 15. Hayajalingana, yamebadilishana tu!

Kila mpira unaohama unapunguza huku na kuongeza kule kwa wakati mmoja, hivyo unaziba pengo la mipira miwili. Mipira 6 inaziba pengo la 12. Fungu ni 12 ÷ 2 = 6, A ina 30, B ina 18, na baada ya kuhamisha kila moja ina 24.

Fungu limetoka na desimali. Nimekosea?

Inategemea unahesabu nini. Uwiano wa 7:4 wenye tofauti ya 20 unatoa fungu la 20 ÷ 3. Kama ni kamba, hakuna shida: moja ina mita 46⅔, nyingine 26⅔. Kama ni watu, na uwiano umesharahisishwa hadi mwisho, swali au usomaji wako una kasoro, kwa kuwa tofauti ya watu lazima igawanyike kamili kwa tofauti ya mafungu.

Nihakiki vipi jibu langu haraka?

Toa, kisha rahisisha. 63 − 45 = 18, na 45:63 ukigawanya kwa 9 ni 5:7. Fanya yote mawili. Tumeona juu jibu lenye uwiano sahihi na tofauti ya uongo. Kisha soma tena sentensi ya mwisho ya swali, maana huenda waliuliza jumla na wewe umetaja kundi moja.

Nipe moja la kujipima.

Vitabu vya rafu A na B viko kwa uwiano wa 9:5. Ukihamisha vitabu 8 kutoka A kwenda B, rafu A bado itaizidi B kwa vitabu 12. Kila rafu ilikuwa na vitabu vingapi mwanzoni?

Ukipata 27 na 15, umeisahau ile hamisha. Ukipata 45 na 25, umeikumbuka lakini umeihesabu mara moja. Ukipata 63 na 35, hamisha: 55 na 43.